Mdomo wa Lempi

Saa sita na nusu mchana ukumbi wa soko wa mji wa Tampere, nchini Finland, ulikuwa umefurika mpaka mlangoni, na Sointu Karppanen alikuwa ameziba pua kwa skafu yake ya sufi. Pua yake ilikuwa haisamehe. Kila kibanda kilifuka mvuke wa mustamakkara, ile soseji nyeusi ya damu ambayo watu wa mji huo huila kwa jamu ya matunda mekundu huku wakilamba vidole. Yeye, mzaliwa wa mji huohuo, hakuweza kuitazama bila tumbo kumpinda. Alikuja kwa ajili ya supu ya samaki tu. Alipata kiti kwenye meza ndefu, akafungua laptopu, akaanza kurekebisha nembo ya dawa ya meno aliyokuwa akiichukia kwa wiki nzima.

Ndipo harufu nyingine ikaingia.

Haikuwa damu wala samaki. Ilikuwa samadi, jasho la mnyama na nyasi zilizovunda, vyote vimepashwa moto na joto la ukumbi. Watu kwenye foleni walisogea pembeni kimyakimya. Mwanamume mrefu mwenye koti la kijani, vipande vya nyasi kavu begani na mabuti ya mpira yaliyoganda matope, alikuja moja kwa moja hadi mezani kwake, mkononi sahani yenye soseji mbili nyeusi.

"Hapa pana mtu?" aliuliza.

"Nipo mimi," alisema Sointu nyuma ya skafu. "Na pua yangu."

Mtu mwingine wa mji ule angeinamisha kichwa akaondoka bila neno. Huyu alicheka, akaketi.

"Samahani, dada. Nimetoka kazini moja kwa moja."

"Kazi gani hiyo? Kufukua makaburi ya ng'ombe?"

"Farasi. Na wapo hai. Mimi ni mtabibu, natibu watu kwa farasi."

"Kwa harufu hiyo? Basi wagonjwa wako wanapona kwa kukukimbia."

"Dawa ni dawa," alisema, akikata soseji. Kisha akanyoosha shingo kuitazama skrini. "Hilo jino linacheka. Mbona linatisha hivyo?"

Sointu alitaka kumjibu vibaya, lakini yule mwanamume alikuwa amesema ukweli. "Mteja ndiye aliyelitaka licheke."

"Kumbe unachora nembo! Basi Mungu amenileta kwako." Alifuta vidole kwenye suruali, akatoa simu. "Tazama yangu."

Sointu alitazama. Farasi wa zambarau alikuwa ndani ya moyo wa waridi. Moyo ulikuwa kwenye kiganja cha mtu. Kiganja kilikuwa juu ya upinde wa mvua, na chini yake, kwa herufi zilizojikunja kama mizizi, palikuwa na jina: Tiba kwa Farasi, Vänttinen. Alihisi kitu kikimpanda kooni, na safari hii haikuwa kwa sababu ya damu.

"Nani amekufanyia ukatili huu?"

"Mimi mwenyewe. Jumapili nzima."

"Haya ni matapishi ya Jumapili nzima."

Mwanamume alikubali kwa kichwa, bila kuonekana ameudhika. "Muuguzi mkuu wa hospitali aliona kipeperushi changu akaniuliza kama naandaa sherehe za kuzaliwa za watoto. Tangu siku hiyo hajaniletea mgonjwa hata mmoja. Nina farasi wanne na mikono miwili, na kazi yangu si mchezo. Nisaidie."

Alikuwa na macho ya rangi ya maji ya ziwa barafu inapoyeyuka. Sointu aliyatazama kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia, kisha harufu ikamrudisha duniani.

"Jina lako?"

"Jalmari."

"Nitakuja kuona hao farasi, Jalmari. Lakini kaa mbali nami kidogo. Hapo hapo. Hata zaidi."

*

Alikwenda Kangasala, nje kidogo ya mji, siku ya Alhamisi, mwisho wa Oktoba, mvua na theluji vikianguka pamoja. Alikuwa amevaa koti jeupe la sufi na buti za ngozi zenye kisigino.

"Kuna arusi?" Jalmari alimuuliza mlangoni mwa banda.

"Nimekuja kumwona mteja. Kwa kawaida wateja wangu wana zulia."

Hatua ya tatu, kisigino kilizama kwenye kitu chenye joto. Hakuhitaji kuangalia chini kujua ni nini. Ndani ya banda mvuke wa mikojo ulimchoma macho, na kwenye chumba cha kwanza alisimama jike mzee wa rangi ya kahawia, tumbo limelegea, meno ya njano kama kuni zilizooza. Aliitwa Lempi, jina la kizamani lenye maana ya pendo. Mdomo wake wa chini ulining'inia kama soksi iliyokatika mpira, na kutoka humo ulichuruzika ute wa kijani uliodondoka, polepole, juu ya mkono wa koti jeupe.

"Hii inatoka?" aliuliza Sointu, mkono ameunyoosha mbali na mwili kama si wake.

"Ukifua mara tatu, rangi inatoka. Harufu inataka ya nne."

"Nakuchukia."

"Ndiyo kwanza tumekutana. Nipe muda."

Mgonjwa wa mchana ule alikuwa Bi Helmi Ojanperä, fundi cherehani mstaafu wa miaka sitini na minane, aliyepatwa na kiharusi majira ya kuchipua. Mguu wake wa kulia ulikuwa mzito na upande wa kulia wa uso umeanguka. Jalmari alimnong'oneza Sointu kwamba mama yule alikuwa amefunika vioo vyote nyumbani kwake, na hali chakula mbele ya mtu.

Walimpandisha kwa ngazi ya mbao. Lempi alitembea kuzunguka uwanja wa ndani, taratibu, na kila hatua yake ilitikisa nyonga za Bi Helmi kama vile yeye mwenyewe ndiye anayetembea. Jalmari alikwenda kando yao, mkono mmoja nyuma ya mgongo wa mgonjwa, akihesabu hatua kwa sauti ya chini. Yule mchekeshaji wa sokoni hakuwepo tena. Alikuwa mtu mwingine, makini kama fundi saa.

Aliposhushwa, Bi Helmi alisimama mbele ya farasi kwa muda. Kisha akainua mkono wake mzima, akaugusa ule mdomo unaoning'inia.

"Tazameni," alisema, maneno yakimtoka kwa shida. "Umelegea... kama wangu. Na yeye... hajali."

Akacheka. Mate yalimtoka upande ulioanguka, yakashuka hadi kidevuni, na hakuyafuta.

Sointu aligeuza uso. Kinyaa kilimkamata kabla hajafikiri, kama mkono unavyoruka kutoka motoni. Alipogeuka tena, Bi Helmi alikuwa anamtazama, akicheka bado. Sointu akajiona jinsi alivyo: koti jeupe, uso uliokunjamana, mwanamke aliyechukizwa na mate ya mgonjwa anayecheka. Njia nzima ya kurudi mjini alijichukia yeye mwenyewe kuliko matope yaliyokuwa kwenye buti zake.

*

Kwa siku kumi alichora na kutupa. Alichora kwato, akatupa. Alichora singa zinazopepea, zikafanana na tangazo la shampuu, akatupa. Kila alipochora mkono wa mtu na pua ya farasi pamoja, alihisi utamu wa bandia mdomoni, kama pipi iliyonyonywa na mtu mwingine.

Siku ya kumi na moja alichora mstari mmoja tu. Ulianzia kwenye paji la uso, ukashuka na pua ndefu, ukazunguka tundu la pua, na mwisho ukaachia mdomo wa chini ukining'inia, wazi kidogo. Hapakuwa na jicho, moyo wala upinde wa mvua. Aliupunguza mpaka ukawa mdogo kama ukucha, bado ulikuwa Lempi. Akautia rangi ya udongo mbichi, jina akaliandika chini yake kwa herufi nyoofu, akautuma, akapiga simu.

"Umeipata?"

Alisikia pua ikivuta kamasi.

"Jalmari, sema kitu. Ni mbaya?"

"Subiri," sauti ilisema, nzito. "Nalia kidogo. Namaliza sasa hivi."

"Mwanamume mzima?"

"Niache, bwana. Huo mdomo nimeufuta kila siku kwa miaka kumi na minne. Umejuaje kwamba hapo ndipo alipo?"

"Bi Helmi ndiye aliyejua. Mimi nimechora tu."

"Basi njoo mle chakula cha jioni, wewe na mkono wako. Nimeoga. Naapa nimeoga mara mbili."

Alikwenda. Jalmari alikuwa ameoga kweli, lakini ngozi yake ilikuwa na banda ndani yake, kama kuni zinavyokaa na moshi. Ajabu ni kwamba alipombusu, Sointu hakurudi nyuma. Ilimbidi ashike pumzi, lakini hakurudi nyuma.

Hospitali ilipokea vipeperushi vipya mwezi wa Novemba, na hadi Krismasi wagonjwa wapya watano walikuwa wamekuja. Simu zikawa za kila siku.

"Ua langu, umekula?"

"Usiniite ua. Kwako maua ni lishe ya farasi."

"Basi kipenzi changu chenye pua ndefu."

"Hilo nalo ni jina la farasi, wewe!"

"Ndiyo sifa ya juu kabisa niliyo nayo, mama. Sina nyingine."

*

Katikati ya Januari simu zilipungua. Jalmari alijibu kwa maneno mawili matatu: nina shughuli, nitakupigia, si leo kipenzi. Sointu hakuuliza. Watu wa kwao hawaulizi mara mbili.

Ijumaa alikwenda sokoni kununua samaki. Kwenye kibanda cha Tarmo Vänttinen, kaka mkubwa wa Jalmari, muuza nyama na soseji, palikuwa na rundo la soseji kavu za farasi zimepangwa vizuri juu ya barafu. Nchi ile farasi huliwa, na hilo halikumshangaza. Kilichomsimamisha ni lebo. Juu ya kila pakiti, kwa rangi ya udongo mbichi, ulishuka mstari mmoja: paji la uso, pua, mdomo ulioning'inia. Chini yake paliandikwa: Laini kuliko zote.

Alitazama nyama nyekundu chini ya ule mdomo, na mafuta meupe yaliyotapakaa ndani yake kama macho. Alifika chooni kwa bahati tu. Alitapika supu, akatapika chai, akaendelea kutapika hata pasipokuwa na kitu. Kisha akaketi kwenye vigae, akapiga simu.

"Jalmari. Lempi yuko wapi?"

Alisikia mlango wa banda ukifungwa.

"Nani kakwambia?" alisema hatimaye.

Sointu alihisi baridi mpaka kwenye meno. "Kwa hiyo ni kweli."

"Sikutaka ujue namna hii. Nilitaka kwanza..."

"Ulitaka kwanza aishe kuliwa?"

"Nini? Sointu, unasema..."

"Miaka kumi na minne ukimfuta mdomo! Mchafu wewe. Mchafu wa ndani, usiyefulika mara tatu wala nne!"

Akakata, akazima simu.

Siku mbili hakula. Sweta ya Jalmari iliyobaki kwake aliitupa nje barazani, ikaganda kama ubao. Shuka alizifua, akazifua tena, na bado alihisi harufu ya banda, na lililomuudhi zaidi ni kwamba aliitafuta. Jumapili asubuhi aliichukua ile sweta iliyoganda, akapanda basi kwenda Kangasala. Alikuwa amepanga maneno yote. Angemtupia sweta usoni, aseme alilokuja kusema, na aondoke.

Alipousukuma mlango wa banda, maneno yalimtoka kichwani. Harufu iliyompokea haikuwa ya samadi. Ilikuwa ya kitu kilichooza, tamu na nzito, harufu ya maiti. Na katikati ya harufu hiyo, kwa miguu mitatu, alisimama Lempi.

Jalmari alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi, mguu wa mbele wa farasi ameupakata. Ndevu hazijanyolewa, macho mekundu. Alimwona Sointu, akamwona na sweta, na hakuuliza kitu.

"Shika hatamu," alisema. "Tafadhali. Jirani anayenisaidia amekwama barabarani, na daktari wa mifugo amesema jipu la ukwato likifunguka leo atapona. Mshike kichwa, zungumza naye."

Sointu alidondosha sweta, akashika. Hakujua mtu anazungumza nini na farasi, kwa hiyo alimwambia kuhusu lile jino linalocheka. Jalmari alibonyeza ukwato kwa kidole gumba, akasafisha tundu dogo kwa ncha ya kisu, akabonyeza tena. Ghafla usaha ukaruka, mweusi, mwembamba, ukamlowesha kifuani na kumpiga Sointu kwenye suruali na mkononi. Uvundo ulimfanya aone nyota. Hakuachia hatamu. Lempi alishusha pumzi ndefu, mwili mzima ukamtetemeka, kisha akauweka mguu chini. Akausimamia.

Jalmari alikifuta kisu kwa nyasi.

"Nilidhani umemfanya soseji," Sointu alisema.

Jalmari alimtazama kama aliyepigwa. "Lempi?"

"Nilikuuliza yuko wapi, ukaniuliza nani kakwambia!"

"Nilidhani unasema habari ya jipu! Wiki ya pili hii. Daktari alisema usaha ukifika mfupani, itabidi achomwe sindano ya kufa. Nilishindwa kukwambia. Nilishindwa hata kumwambia Bi Helmi, nimemdanganya kwamba njia ya kuja bandani ina barafu."

"Na lebo ya Tarmo?"

Masikio ya Jalmari yakawa mekundu. Alianza kukifuta kisu ambacho kilishafutika.

"Nilimwomba anichapie stika za mlangoni. Ana mashine. Akaupenda mchoro."

"Lini uliiona sokoni?"

"Jumamosi ya wiki iliyopita."

"Ukafanya nini?"

"Nikanyamaza." Alisema kwa sauti ndogo. "Ni kaka yangu mkubwa. Nikasema nitalizungumza Lempi akipona."

"Sikiliza, Jalmari. Nilitapika kwa sababu ya soseji ile. Sasa hivi nina usaha mpaka kwenye kiwiko, na bado nimesimama. Lakini huko kunyamaza kwako ndiko kunakonichefua. Unaficha jambo mpaka linaoza, halafu unashangaa linanuka. Umemfungua farasi. Wewe utafunguliwa na nani?"

Jalmari alinyanyuka. Alitoa simu kwa vidole viwili, akaiweka juu ya debe la shayiri, akabonyeza jina la Tarmo, akafungua spika Sointu asikie.

"Kaka, toa mchoro wa Sointu kwenye soseji zako."

"Salamu hakuna?" sauti nene ikajibu. "Mchoro tu huo, mdogo wangu. Farasi ni farasi."

"Bi Helmi hununua samaki mbele ya kibanda chako kila wiki. Huo mdomo ndio uliomfanya acheke mara ya kwanza tangu augue. Siku akiuona juu ya nyama, nimwambie nini?"

Upande wa pili kiti kilikwaruza sakafu.

"Nina lebo mia nne," Tarmo alisema, safari hii bila nguvu.

"Zichome. Kesho kibanda kikifunguliwa nataka isionekane hata moja. La sivyo nitakuja kuzibandua mwenyewe, mbele ya wateja wako, nikiwa hivi hivi nilivyo. Na sasa hivi, kaka, nimelowa usaha wa farasi."

"Wewe! Usithubutu kukanyaga huku!" Kisha, kwa sauti ya chini: "Sikujua habari za huyo mama. Ungeniambia."

"Ndiyo. Ningekuambia."

Alikata simu, akaifuta kwa nyasi. Sointu aliiokota ile sweta, akaitundika mlangoni.

"Kuna jingine nimelinyamazia," Jalmari alisema.

"Yesu wangu. Nani mwingine ameliwa?"

"Nataka kukuoa. Tangu Krismasi. Nilikuwa nangoja siku ambayo sinuki."

Sointu alimkagua kuanzia juu. Usaha ulikuwa unakaukia ndevuni, damu nyeusi kwenye kucha zote, shati limegandana kifuani. Uvundo ulikuwa umejaa pua, macho na ulimi wake, na tumbo, lililovumilia yote hayo kwa heshima, lilikuwa limeanza kupanda.

"Ukingoja siku hiyo tutazikwa kila mtu kaburini kwake," alisema, akimeza mate kwa shida. "Uliza sasa. Haraka."

"Utaolewa na mimi?"

"Ndiyo," alisema Sointu, akakimbia nje, akainama kwenye theluji, akatapika.

Jalmari alimfuata. Kwa kuwa vidole vyake havikufaa kumgusa mtu, alimshikia nywele kwa migongo ya mikono, taratibu, akazizuia zisiangukie usoni, na hakumwachia mpaka alipomaliza.